Goti la Fundi Hamidi

Fundi Hamidi aliingia Karatu mwaka wa hamsini na tisa akiwa na cherehani moja, mke mmoja, Mwamini, na uongo mmoja. Cherehani ilimlisha, Mwamini alimvumilia, uongo ndio uliompa jina. Kwao ni Pangani, na kila mteja aliyekaa kwenye benchi lake akingoja suruali alisimuliwa jinsi Hamidi alivyokuwa akivuka mto kwa kuogelea, kapu la samaki kichwani. Ukweli ni kwamba mama yake alimkataza maji tangu utotoni, naye akatii mpaka ndevu zikaota. Lakini nani angemjaribu? Karatu ni baridi, na vijito vyake mtu huvivuka kwa hatua moja.

Kisha likachimbwa lambo la kunyweshea ng'ombe.

Masika ya sitini na mbili, Evarista, mke wa Qamara mkulima wa ngano, aliteleza akichota maji, akazama mpaka kidevuni, akawa anapigapiga mikono. Hakuna aliyesema tutafute kamba. Walisema, "Mwiteni Fundi!" Hamidi akatoka dukani mbio, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akafika ukingoni, akayaona yale maji ya rangi ya chai ya maziwa. Miguu ikagoma. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Akashika goti, akaketi chini, akapiga kelele, "Goti! Goti langu limeteguka!"

Wanawake walifunga kanga zao ncha kwa ncha, wakarusha, wakamvuta Evarista nje. Alilala kifudifudi akitapika tope, na wawili kati yao wakamwacha hapo wakaja kumpa Hamidi pole.

Goti likishateguka lazima lichechemee, basi akachechemea. Alichechemea sokoni, akachechemea msikitini. Na kila mwisho wa mwezi Evarista, ambaye nusura afe, alimletea kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo, dawa ya viungo kwa Wairaqw wote. Mwamini aliyapasha moto akakanda goti lisilo na ugonjwa, mpaka vitambaa vya wateja vikanuka kondoo. Kila mara Hamidi alijiambia leo nitasema, na kila mara alinyoosha mguu akakandwa. Wala vibuyu hakurudisha. Chombo cha jirani hurudishwa na kitu ndani, na kila alichofikiria kutia kilimsuta. Vikajipanga juu ya kabati vikimtazama.

Vilipofika tisa alishindwa. Akaenda shambani kwa Qamara, maana Karatu nzima aliyejua kuogelea ni huyo tu. Alifunzwa alipokuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Burma, na siku Evarista alipozama alikuwa mbali shambani.

"Mzee Qamara, sijui kuogelea. Sikuwahi kujua."

Qamara aliendelea kung'oa magugu. "Na goti?"

"Goti... limepata nafuu."

Qamara alilitazama lile goti. "Pumzi huna, Fundi. Kutwa umekaa kwenye cherehani. Kwanza ukimbie, alfajiri, mpaka kilimani na kurudi. Maji baadaye."

Basi alfajiri alikimbia ndani ya ukungu, mchana akachechemea. Siku za kwanza alitapika njiani, mbavu zikamuuma asiweze hata kupiga chafya. Wiki ya tatu alifika kilimani akajikuta anacheka peke yake. Ana miaka thelathini na minane, hakujua kwamba mwili wake unaweza kumpa furaha ya namna ile! Halafu akakumbuka kwamba ni furaha ya kuificha, akaona haya. Kwenye maji Qamara alimshika chini ya tumbo kama mtoto anayeogeshwa, akamwachia, akamshika tena. Kipupwe kilipoingia Hamidi aliweza kulivuka lambo bila kushikwa.

Asubuhi moja ukungu uliwahi kupanda. Mama mmoja akamwona Fundi anapita mbio, kaptura tu mwilini. Karatu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, nyuma yake kuna nyati aliyeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Mama akapiga yowe. Wanaume wakatoka na mikuki na marungu, wanawake na mapanga, wakamfuata fundi wao wakamwokoe. Yeye hakusikia kitu, alikuwa keshajitosa.

Alipoinua kichwa katikati ya lambo aliona watu wamejaa ukingoni, pale pale waliposimama siku ile, Evarista mbele yao.

"Nyati yuko wapi?" mmoja aliuliza. Kisha wakaona anavyoogelea, wakaelewa walivyotaka kuelewa. "Fundi amepona! Goti limepona!" Vigelegele vikapigwa, na kila kimoja kilimchoma.

Alitoka akitiririka maji, akaenda moja kwa moja kwa Evarista, akasema kwa sauti ya chini ili asikie yeye tu, "Shemeji, goti langu halikuwahi kuuma."

"Najua," Evarista alisema. "Nilikuwa ndani ya maji, lakini macho yalikuwa nje. Nilikuona unavyokuja. Nikasema moyoni, kwa mbio zile nimepona. Halafu ukakaa chini."

Hamidi hakujua auweke wapi uso wake. "Sasa yale mafuta, shemeji?"

"Nilikuwa nangoja uyakatae." Akajifunga kanga vizuri. "Nirudishie vibuyu vyangu leo. Vitupu hivyo hivyo."

Vilikuwa vimefika kumi na vinne. Hamidi alivifunga kwa uzi wa cherehani, akatoka navyo, akapita katikati ya Karatu kwa miguu yake miwili iliyonyooka. Kila mlango watu walitoka wakicheka kwa furaha. "Fundi, hongera! Goti limepona?" Na kila mlango ilimbidi asimame, vibuyu vikigongana mkononi, awaambie kwamba halikuwahi kuumia.