Macho mekundu ya mama

Kijana akionekana na macho mekundu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, watu husema amevuta bangi. Mwanaume mzima akiwa nayo, wanasema amekesha na chupa, na wanampisha njia. Mjane wanamhurumia, maana amelia. Ila mama mzee akiwa nayo hakuna anayeuliza kitu. Wanaita watoto wao ndani.

Mama yangu alikuwa nayo. Tangu tulipofika kutoka kwetu Fizi alikaanga mandazi kila asubuhi mbele ya nyumba, juu ya mafiga, kwa kuni mbichi zile zenye moshi mwingi kuliko moto. Ulitegemea macho yake yawe ya rangi gani? Lakini mtoto wa jirani yetu, Mrundi, alipopata homa isiyoisha, mtaa mzima ulisahau habari ya kuni. Wateja wakapungua, kisha wakakoma. Jirani mwenyewe, aliyekuwa akiingia kwetu kuomba chumvi bila hodi, akaanza kuzunguka nyuma ya vyoo ili asikutane na mama.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika nyumba ya watu Area 18, Lilongwe. Niliposikia, nilipandwa na hasira hadi nikaunguza nsima ya mwajiri, ugali wa huku. Baada ya hasira ikaja hofu. Maneno ya uchawi huanza kwa kunong'ona na kuishia kwa mawe. Nikamwita mama aje kwangu.

Alikaa mwezi mmoja katika chumba changu cha uani. Nilimkataza kushika kazi, basi akawa anakaa jikoni akiutazama moto wa gesi kwa dharau, akisema chakula kisichopitiwa na moshi hakina ladha. Macho yakasafika kidogo kidogo, mpaka akaonekana kama mdogo wake mwenyewe. Halafu akataka kurudi.

"Kwangu njo kule," alisema, na sikumweza.

Nilimsindikiza. Mtoto wa jirani alikuwa amepona, na kambini tulipokelewa kwa vigelegele. Kiongozi wa wamama wa kanisa alimshika mama mikono, akamkazia macho usoni.

"Mama, Bwana amekufungua! Siku ya yenga utasimama, utoe ushuhuda."

Akisimama kushukuru kwamba amefunguliwa, amekiri kuwa alikuwa amefungwa, yaani alikuwa mchawi. Asiposimama, bado ni mchawi, tena mwenye kiburi. Nilimwambia turudi mjini siku hiyohiyo. Mama aliendelea kupiga pasi kitenge chake cha kanisani.

Jumapili, hiyo siku ya yenga, alisimama. Jirani alikuwa benchi la mbele yetu, mtoto mgongoni. Mimi nililishika benchi kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe," alisema mama.

"Amina!"

"Mi nashukuru Mungu juu ya gesi."

Watu walitazamana.

"Kule kwa binti yangu banapikaka na gesi, moshi haiko. Nilikaa mwezi moja, macho yangu ikapona. Sasa naomba kila mama mwenye kupikaka na kuni ageuke, aangalie macho ya mwenzake."

Vilemba viligeuka, benchi baada ya benchi. Hakuna aliyecheka. Jirani aligeuka nyuma, akakutana uso kwa uso na mama. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa: kuuguza mtoto, usingizi wa shida, na kuni zilezile tunazonunua sote.

"Kama macho njo inaonyesha mulozi," mama alisema taratibu, "basi tuko bengi."

Akaketi.

Kesho yake akawasha kuni. Gesi ilibaki Area 18, kwenye jiko la watu. Iliniuma sana kumwona ameinama akipuliza, machozi yakimtoka, mwezi wangu wote ukipotelea humo motoni.

Jirani alikuja na sahani. Mimi nisingemuuzia hata kipande. Mama alimvutia kiti, akakiweka upande ule moshi unakoelekea, akamwambia asubiri, mandazi hayajaiva. Akakaa. Walizungumza habari za mtoto mpaka wote wawili wakawa wanafuta macho.