Mistari Mitatu ya Yunia

Docus Kabugho huota akiwa macho, na mimi niliyegawana naye meza ya ofisi kwa miaka sita ndiye shahidi. Unamwambia jambo la maana, kwa mfano kwamba chai inapoa, naye ametazama dirishani, milima ya Rwenzori imejifunika ukungu hadi shingoni, na jibu lake linakuja baada ya robo saa. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili niliinywa ile chai.

Anafundisha vipimo vya ardhi na majengo katika chuo kikuu chetu hapa Kasese. Ni kozi moja tu, na mkataba wake wa mwaka umening'inia kwenye kozi hiyo. Kwa hiyo muhula uliopita mkuu wa kitivo, Bwana Crispus, alipotuita na kutangaza kwamba kila kozi lazima iingize uendelevu, yaani namna ya kuishi bila kuwamalizia wajao ardhi na maji, mimi nilimtazama Docus badala ya Crispus. Mwisho wa muhula jopo litapita kuona kozi zinavyofundishwa, akasema mkuu. Ambayo haitaridhisha itafutwa.

"Msisumbuke sana," Crispus alituambia mlangoni. "Weka tu sura moja pale nyuma."

Jioni ile ile sura moja ilizunguka ofisi zote ndani ya flashi. Ilikuwa na picha ya mti na aya tisa. Mwalimu wa uhasibu aliibandika, mwalimu wa kompyuta aliibandika, na mimi ninayefundisha Kiingereza niliibandika nyuma ya somo la barua rasmi, na sioni aibu kubwa kulisema.

Docus hakuibandika. Alikuwa ameanza kuota banda.

Banda lenyewe halikuwa na kuta. Lilikuwa Bwera, karibu na Kongo, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mama yake, Yunia Biira, shamba linaloteremka kutoka barabarani hadi mto Lhubiriha. Wanafunzi wangekaa humo wapime ardhi huku wakisikia maji, na ukungu wa asubuhi ungepita katikati yao bila kubisha hodi.

"Naisikia ile maji, Ronah," aliniambia, macho yake yako mbali.

"Mimi nasikia njaa. Twende tukale."

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa na jina: Maate, jirani wa mama yake. Kwetu shamba linapoishia hupandwa mimea ya mpaka, ile yenye majani marefu kama upanga. Ukiing'oa unaitwa mbele ya ukoo ueleze una kichaa gani. Sasa kwenye shamba la Yunia mimea hiyo ilikatiza kwa mistari mitatu, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Docus aliona kwamba kila mstari mpya ulipopandwa mama yake aliacha kulima chini yake, na mbuzi wa Maate wakaingia. Akiwa msichana aliwahi kurudi kutoka kwa shangazi akamkuta mama amekaa jikoni analia, mikono ina udongo, na mstari wa pili una siku moja. Mama hakuwa mtu wa maneno. Docus akajijibu mwenyewe: Maate anamla mama yangu shamba, kipande kwa kipande. Miaka kumi na sita hakumsalimia yule mzee.

Mafuriko ya mto aliyasikia akiwa mbali, mipaka aliiona. Hakuwahi kuviweka pamoja. Nami namuuliza hadi leo, wewe msomi gani?

Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: banda lijengwe pale chini, kwenye tambarare karibu na maji, na kabla ya hapo wanafunzi walipime shamba lote, ili vipimo vimtoe Maate na mbuzi wake. Nilikwenda nao kusaidia kubeba chakula. Asubuhi ile Bwera ilikuwa imelainika kwa ukungu, milima upande wa Kongo inaonekana nusu, na mto unasema peke yake huko chini. Docus alipigilia vijiti vinne pale banda litakaposimama, akarudi nyuma, akatabasamu. Nilijua ameshaingia ndani yake na amekaa.

Halafu akawageukia wanafunzi ishirini na wawili.

"Leo tunapima shamba ya mama yangu, na tutaona huyu jirani amekula kiasi gani."

Alisema kwa sauti. Maate alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, anasokota kamba ya mbuzi. Hakuinua kichwa. Mimi ndiye niliyetamani ardhi inimeze.

Hatuna mashine za bei kubwa. Docus hufundisha kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, kama wafanyavyo mafundi wa nyumba: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yakitulia katika ncha zote mbili unajua usawa uko wapi. Mwanafunzi anayeupenda mpira ule kuliko wote ni Wivine, binti wa wafanyabiashara waliotoka Butembo. Alianza na mstari wa chini, mmea kwa mmea. Akaenda wa katikati. Akaenda wa juu, akaufuata hadi ukavuka kwa Maate na kupita nyuma ya jiko lake. Alirudi amekunja uso.

"Mwalimu, hii mupaka haiko ya mutu."

"Iko ya nani sasa?"

"Miti yote ya mustari moja iko usawa moja. Inashuka vidole mbili tu, vile maji ya muto inashuka. Mutu akigawa shamba anavuta kamba. Na hapandake mupaka kwa jiko yake mwenyewe. Hii imefuata maji."

"Pima tena."

Wivine akapima tena. Docus alishika ncha ya pili mwenyewe. Nilimwona akiyatazama maji ndani ya mpira yanapanda, yanashuka, yanatulia kwenye alama ile ile. Safari hii hakuwa anaota. Aliweka mpira chini, akapita mstari wa tatu, akaenda hadi alipokaa Maate.

"Wabukire, mzee," alisema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Maate aliweka kamba pembeni. Alimwitikia kwanza, taratibu, salamu nzima, habari ya nyumbani, habari ya kazi, kama mtu asiyetaka kupoteza hata kipande. Ndipo akasema:

"Hiyo ya chini, mama yako alipanda mwaka alipoolewa. Ya katikati, wewe ulikuwa mjini Hima kwa shangazi. Ya juu ni mwaka wa korona, barabara imefungwa, uko Kasese. Kila maji ikifurika na kurudi mtoni, asubuhi yake tunashika jembe, tunapanda pale ilifika. Juu kule wamekata miti, siku hizi maji inapanda zaidi. Biira alisema mto na yeye iko na shamba yake, tusimwingilie."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi inakimbia. Maharagwe haikimbii. Ile siku alilia, maji ilibeba maharagwe yote."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambia wapi, Kabugho? Ulikuwa unapita."

Docus alilia hapo hapo, mbele ya darasa lake. Kisha akajipangusa na kuwaambia wote kwamba amemwita mzee huyu mwizi, na amekosea, na waandike hilo kwenye daftari pamoja na vipimo. Wengine waliandika kweli. Akateremka tambarareni, akang'oa vijiti vyake vinne, akavipigilia upande wa juu wa mstari wa tatu. Nilimpenda siku ile, na nilijionea aibu kwa ile picha yangu ya mti.

Alirudi Kasese akaiandika kozi upya. Hakuongeza sura nyuma. Wiki ya kwanza ikawa Bwera na mpira wa maji, na kila zoezi, hata la choo cha shule, likaanza kwa kuuliza maji yamewahi kufika wapi na nani anakumbuka. Kwenye orodha ya marejeo, juu ya vitabu vyote, aliandika: Biira Yunia, mistari mitatu, Bwera.

Crispus alikuja ofisini kwetu na karatasi mkononi.

"Docus, hii kitabu ya Biira nimetafuta sijaiona. Toa hiyo jina. Jopo itatucheka, na mimi sitaweza kukutetea."

"Sitoi."

"Ni kazi yako hiyo unachezea."

"Najua, bosi. Sitoi."

Usiku wa kuamkia siku ya jopo mvua ilinyesha milimani. Tulipofika Bwera, ambako jopo lilikuja kuliona somo, mto ulikuwa umeshaanza kurudi, lakini tambarare yote ilikuwa matope, na pale vijiti vinne vilipokuwa mwanzoni palilala gogo zima la mti. Banda, lililojengwa kule juu ya mstari wa tatu, lilikuwa kavu. Wanajopo wawili walisimama ndani yake, na Crispus akateremka na viatu vyake vya ofisini hadi yalipoishia matope, kati ya mstari wa pili na wa tatu. Maate alikuwa pale tayari, na jembe na vipando vya mimea ya mpaka. Docus alivua viatu, akachimba shimo la kwanza la mstari mpya. Crispus alitazama mstari wa chini, wa katikati, wa juu. Kisha akainama, akampokea Maate vipando, akawa anampa Docus kimoja kimoja.

Fomu ya jopo ilirudi baada ya wiki moja. Kozi imebaki na Docus amebaki, na chai yake inapoa kama kawaida. Jina la Biira Yunia liko la kwanza kwenye marejeo. Docus alikuwa ameacha wazi nafasi ya mwaka mbele ya jina hilo, na Crispus ameijaza kwa kalamu yake mwenyewe. Ameandika miaka minne, mmoja kwa kila mstari, na wa mwisho ni mwaka huu.