Udongo Mwekundu wa Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alihamia kwangu siku ya tatu baada ya nyumba yake kuungua. Alikuja asubuhi, amejitwika kinu kichwani na mchi ameushika mkononi kama mkuki. Mimi nilikuwa nafagia uani. Tangu niolewe, yapata mwaka mzima, hatukuwa tumesemezana. Salamu zetu zilipita kwa mume wetu: "Mwambie mwenzangu sijambo," naye huambiwa, "Mwambie nami sijambo," basi yameisha.

"Karibu, dada," nikasema.

"Sikuja kukaribishwa," akajibu, huku akikitua kinu barazani. "Nimekuja kukaa."

Ilikuwa mwaka wa vita vya maji. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Kibiti, pale njia ya mashamba ya mpunga inapokutana na njia ya kushukia mikokoni. Vita vilianzia kusini yetu, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa kiboko. Sisi tulivisikia kama unavyosikia ugomvi wa nyumba ya pili, mpaka askari wa Mjerumani walipopita kwetu. Mara ya kwanza walichukua wanaume wa kuwabebea mizigo, mume wetu akiwa mmoja wao, wakaondoka nao kwa njia ya Utete. Mara ya pili walitia moto maghala na nyumba zilizokuwa kando ya njia. Ya mwenzangu ilikuwa kando ya njia. Yangu ilikuwa nyuma ya migomba, ikasalimika.

Kwa hiyo nilikuwa na nyumba na yeye hana. Lakini ungetuona siku ile ungedhani mgeni ni mimi. Aliingia, akapita ukumbini, akachungulia chumba cha kulia, akachungulia cha kushoto, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba amejishika kiuno.

"Kushoto kwangu, kulia kwako," akasema. "Na nyumba yako imenuna."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidole. Udongo ulikuwa umebanduka, fito zinachungulia kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Baraza limemomonyoka pembe mbili. Moshi wa ule moto ulikuwa umeutia ukuta wa mbele weusi. Nikamwambia kwamba mume hayupo, ghala limeungua, tunakula ndiga na majani ya mwituni. Nani ana nafasi ya kupamba nyumba?

"Nyumba isiyosiribwa huambiwa imehamwa," akasema. "Na nyumba iliyohamwa, watu hung'oa mlango wake, halafu boriti. Hujaona kwa yule jirani wa chini? Wiki moja tu, hata makuti hayapo."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba alitaka tu kunionyesha kwamba mimi mtoto wa mikokoni sijui kutunza nyumba.

Kesho yake akaanza upande wake. Alichimba udongo mwekundu kwenye kichuguu, akaupondaponda, akauchanganya na makapi ya mpunga yaliyosalia pale ghala lilipokuwa. Akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika kama unga uliokandwa. Alijaza matundu yote kuanzia juu kushuka chini, akaacha ukauke, kisha akasiriba tena kwa udongo uliochujwa kwa kipande cha kaniki. Alipomaliza, akachukua jiwe la mtoni, lile la duara linaloteleza, akausugua ukuta mpaka ukang'aa. Kabla haujakauka akapitisha vidole vyake vitatu, akachora mawimbi kutoka pembeni hadi mlangoni. Alifika juu ya mlango, katikati, akakoma. Upande wangu hakuugusa hata kwa tone.

Wanawake waliopita kuchota maji walisimama. "Mashaallah," wakasema, "hapa pamependeza." Na mmoja akaniuliza, mimi mwenyewe nimeketi pale pale, "Na huku upande wa pili anakaa nani?"

Sikulala vizuri. Alfajiri nikashika njia ya kwetu, visiwani kwenye mikoko. Mama yangu alipoona nafika peke yangu alidhani nimeachwa. Nilipomweleza kwamba nimefuata makombe ya chaza na maganda ya mkandaa ya kutilia rangi ukindu, alinitazama sana, akasema, "Vita vinawatia watu wazimu." Lakini alinijazia kikapu, akanifungia na samaki wakavu. Njiani kurudi nikapita ukingo wa mto, mahali penye udongo mweupe, nikachimba kadiri niwezavyo kubeba.

Nikaupaka upande wangu mweupe, mweupe pe. Nikapanga makombe ya chaza mistari miwili kutoka njiani hadi barazani, ili hata mtu mgeni aone pa kukanyaga. Ukindu niliuchemsha na maganda ya mkandaa ukatoka mwekundu wa kukolea, mwingine nikautia manjano, nikasuka mkeka mdogo wa vyumba vyumba vya rangi mbili. Nikautundika ukumbini, ukutani, upande wangu.

Mwenzangu akapita mara mbili. Mara ya tatu akasimama. "Mkeka hukaliwa," akasema. "Hautundikwi."

"Huu unatundikwa."

Akaguna, akaenda zake. Lakini jioni nilimkuta amekaa ukumbini ameuelekea, ananyambua samaki wa mama yangu, anautazama. Aliponiona akageuza uso.

Tuliishi hivyo siku nyingi, kila mtu na upande wake. Chakula tulipika pamoja kwa sababu chungu kilikuwa kimoja. Maneno yalikuwa machache: lete chumvi, funga mlango, moto unazimika.

Kisha mvua za vuli zikaja, na upepo wake wa kuipiga nyumba usoni. Ilinyesha mchana kutwa. Ilipopusa tukatoka. Udongo wangu mweupe wote ulikuwa umeteremka. Upepo uliusukuma kutoka ukutani kwangu, ukavuka mlango, ukachuruzika juu ya mawimbi yake mekundu. Ukuta wake sasa ulikuwa na michirizi, kama uso wa mtoto aliyelia na unga mashavuni. Machozi yalinijia. Nikasubiri maneno makali.

Nikasikia kicheko. Mke mwenzangu alikuwa ameketi kwenye tope, miguu ameinyoosha, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Umenimwagia uji!" akasema. "Wallahi, mtoto wa mikokoni, umenimwagia uji ukutani!"

Nami nikacheka. Sikujua nilichokuwa nacheka. Tulikuwa na njaa, mume wetu hatujui kama yu hai. Tulicheka tu mpaka jirani akaja kutazama kuna nini.

Alipojifuta macho akaniuliza, "Uliuchanganya na nini?"

"Maji."

"Maji matupu! Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, dada."

Akainuka kutoka kwenye tope. "Njoo," akasema.

Ndiga, kwa asiyezijua, ni viazi vya mwituni vyenye sumu. Huvikata vipande vyembamba, huviloweka siku kadhaa na kubadili maji, la sivyo vinaua. Maji yale ya kwanza, mazito na meupe, sote tulikuwa tunayamwaga. Mwenzangu aliyakinga kwenye mtungi, akayaacha yatuame, akamwaga ya juu, akabaki na ule wanga wa chini. Akauchemsha kwa maji kidogo, akanichanganyia na udongo wangu mweupe.

"Hii haitoki kwa mvua," akasema, "na mchwa hawaipendi. Ila usilambe vidole."

Safari hii hatukugawana ukuta. Tulipaka wekundu chini, kufika magotini, ili tope linaloruka wakati wa mvua lisionekane, na weupe juu, ili nyumba iwe na nuru. Yeye akachora mawimbi pale rangi mbili zinapokutana, akanishika mkono wa kuume akanifundisha: vidole visikazwe, bega ndilo liende. Ya kwangu yalipinda. Akasema, "Acha yapinde. Na mto unapinda."

Baada ya hapo tulishikwa na kitu kama homa. Baraza tulilijenga upya pembe zote, tukalisugua kwa jiwe. Kaniki kuukuu tukaipasua, tukaitia pindo la ukindu wa rangi, tukatundika nusu mlangoni pa chumba chake. Nusu ya pili kwangu. Kitanda changu tukakihamisha upande wa dirisha. Kilikuwa kimekaa gizani tangu arusi, wala sikuwahi kufikiri kwamba kitanda kinaweza kuhama.

Siku moja akasema twende kwake. Alimaanisha pale palipoungua. Hakuwa amekanyaga tangu siku ile. Majivu yalikuwa yameshaota majani. Tulikuta mitungi mitatu imepasuka midomo, na boriti za mkoko zimesimama, nyeusi, zimeungua nje lakini ndani nzima. Aliishika moja kwa kiganja, akakaa nayo kitambo. Masizi yakamkaa mkononi.

"Hapa palikuwa pa kulala," akasema. Kisha akaing'oa. "Boriti iliyoungua hailiwi na mchwa. Shika huko mwisho."

Tulizibeba zote. Nne tulizichimbia uani, tukalaza nyingine juu yake, ikawa kikalio cha jioni. Mitungi ile tukaijaza udongo, tukapanda mirehani miwili tuliyoomba kwa bibi mmoja, na katika wa tatu kichipukizi cha asumini. Kila maji ya kuoshea mikono tuliyamwaga mle. Hatukuwa na wali, lakini jioni ua ulinukia kama kwa watu wenye arusi.

Masika yakapita, na ukuta haukutoka. Mpunga mchache tuliootesha kwa mbegu za kuomba ulianza kuzaa. Mchana mmoja tulikuwa ukumbini tunachambua mboga tukasikia sauti ya mwanamume nje, hafifu.

"Hodi wenyewe. Naomba maji."

Tulitoka sote wawili. Alikuwa amesimama mwisho wa mistari ya makombe, hakuthubutu kuikanyaga. Kakonda, bega moja limekaa chini kuliko lingine kwa mizigo, ndevu zimemjaa. Mimi sikumjua mara moja. Mwenzangu alimjua.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza, macho yanapepesa kutoka ukutani hadi kwenye mirehani. "Nilikuwa natafuta kwangu. Nilikuta kule mbele pameungua, nikaja huku."

"Hapa ni kwa wake zako," mwenzangu akamjibu, "kama bado unawakumbuka."

Akakaa chini pale pale njiani, akaweka uso viganjani, akalia. Mwenzangu akaniambia taratibu, "Lete maji, mdogo wangu." Ndiyo siku ya kwanza aliponiita hivyo. Nikaenda kuchota.

Tulimpa maji, tukamwosha bega, tukamlaza. Alilala siku mbili. Ya tatu alitoka, akakaa kwenye kile kikalio cha uani, akaitazama nyumba kwa muda mrefu. Mwenzangu akaona afadhali amjaribu.

"Upi uliokupendeza," akamwuliza, "wekundu au weupe?"

Mume wetu akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mimi naona ukuta mmoja tu," akasema.

"Basi," mwenzangu akaniambia, "amefunzwa adabu huko alikokwenda."

Mavuno yalipotoka mume wetu akamjengea mkewe mkubwa nyumba mpya palepale pa zamani. Nilidhani nitafurahi kubaki na nyumba yangu. Siku mwenzangu alipohama nilishinda nikizungukazunguka, sijui niweke mikono wapi. Adhuhuri nikamfuata, nikamkuta naye amekaa barazani kwake, hafanyi kitu. Tulikwenda kichuguuni tukachimba udongo.

Tangu hapo kila mwaka, katika siku za mwisho za mfungo, tulisiriba nyumba zote mbili kabla ya Idi. Tulianza na yake, maana ndiyo inayopigwa na vumbi la njia, kisha yangu. Nilizaa watoto watano. Yeye hakujaliwa, lakini hao watano walimwita mama, na mimi wakaniita mama mdogo, nami sikuona ubaya. Binti zangu walijifunza kuchora kwa mkono wake, si kwa wangu. Watu wa Chumbi na wa mbali zaidi waliwahi kumwita awapakie nyumba za arusi, naye hakukubali kwenda bila mimi.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa hawezi kusimama. Nilimtoa nje na kitanda chake cha kamba, nikamweka kivulini mbele ya nyumba yake, nikaanza kupaka peke yangu. Nami nilikuwa mtu mzima, mgongo unauma. Nilipaka mpaka alasiri, nikateremka ngazini, nikaosha mikono, nikamwendea nimwulize kama ameridhika.

Aliuangalia ukuta kwa lile jicho lake la kukagua, akainua kidole.

"Juu ya dirisha," akasema. "Umeruka."

Nikageuka kutazama. Kweli, palikuwa na kipande cha upana wa kiganja. Nikachukua kibuyu cha udongo, nikapanda tena.