Nilipaka Kila Kazi Nyekundu, Mama Akanisubiri

Msinitafutie udhuru, ndugu zangu. Kosa ni langu mwenyewe, sikutumwa wala sikurogwa. Nimelibeba tangu miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho. Leo nalitua hapa, kwa watu nisiowajua, maana wanaonijua hatuzungumzi.

Nilikuwa nimesomea kompyuta kidogo. Kidogo! Wafadhili wakaniweka ofisini Masasi nisimamie ratiba ya mradi wa maji kule Chilangala, juu mlimani: tangi la chini ya ardhi la kuvuna maji ya mvua, gata za kukinga maji kwenye bati za shule, na kibaraza cha kuchotea. Watu wa huko juu wanajua shida ya maji. Mvua za kwanza zikikukuta hujawa tayari, umeumia mwaka mzima, akina mama watashuka bondeni na ndoo.

Ratiba niliitunza kwenye programu ya kompyuta, nayo ilichora kila kazi kwa mstari. Mstari mwekundu, kazi hiyo ikichelewa siku moja basi mradi wote umechelewa. Mstari wa buluu una nafasi, unaweza kusubiri na kisiharibike kitu. Mimi nilichoelewa ni kwamba nyekundu ndiyo kazi, buluu ni uvivu! Na sisi kwetu kila kitu ni "kabla ya mvua". Basi nikaifungia kila kazi tarehe ya kabla ya mvua, hata zisizohusiana na mvua. Skrini nzima ikawa nyekundu. Nikafurahi, jamani. Nikajiona bosi mkali.

Fundi wa kibaraza alikuwa kaka yangu, Baba Somoe. Tumbo moja. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule akashika mwiko ili mimi nisome.

Siku moja lori la wanunuzi wa korosho likapita kijijini kwetu, Lupaso, na dereva akatuletea salamu mpaka saiti, nami siku hiyo nilikuwa nimepanda kukagua. Mama anaumwa, tumbo limevimba. Anasema mmoja wenu aje ampeleke hospitali.

Kaka akanijia, mikono imejaa saruji.

"Mdogo wangu, nipe siku chache tu. Nikishamfikisha hospitali narudi."

"Kaka, kazi yako nyekundu."

"Nyekundu ndiyo nini?"

"Ukiondoka mradi mzima unasimama. Mvua haimngoji mtu."

Akanitazama. "Na wewe je? Huwezi kwenda?"

"Zangu nazo nyekundu zote."

"Haya, bosi," akasema. Hakuwahi kuniita bosi. Akarudi kwenye mawe yake. Angeweza kuondoka tu, nani angemzuia? Lakini aliniamini. Alijua nimesoma. Hilo ndilo linaloniua!

Nikampa dereva wa lori dawa za maumivu ampelekee Mama. Vidonge! Kwa mama yangu mzazi!

Kibaraza kikaisha upesi, kizuri kweli, na kaka nikampa kazi nyingine, nyekundu vilevile. Tangi lenyewe lilikuwa halijapigwa lipu hata nusu. Kikakaa pale bila tone la maji, watu wakaanikia muhogo, mbuzi wakalala juu yake. Mimi napita naona, na bado sikuelewa kitu.

Muhogo ule ulikuwa haujakauka tulipoletewa habari ya msiba. Tulimkuta Mama amefunikwa. Jirani yake akatuambia kila liliposikika lori barabarani alikuwa anainua kichwa, anasema, "Hao, wanangu wamekuja." Nilitamani ardhi inimeze.

Tukarudi kazini. Baadaye akaja mhandisi kutoka Dar es Salaam kukagua, mama mmoja wa makamo, mcheshi. Akaitazama skrini yangu akashangaa.

"Kijana, nani kazifunga hizi tarehe?"

Akazifungua moja baada ya nyingine. Wekundu ukabaki kwenye tangi na gata peke yake. Kwingine kote buluu.

"Ona hiki kibaraza," akasema. "Kingeweza kusubiri mwezi mzima, na mradi usichelewe hata siku moja."

Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya ofisi, nikalia mpaka kwikwi.

Nilimwambia kaka. Sikuweza kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Kwa hiyo ningeweza kwenda?"

Nikasema ndiyo.

Akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye gunia pamoja na timazi, akaondoka. Tangu hapo tukikutana ni shikamoo kaka, marahaba, basi. Hata harusi ya Somoe niliisikia kwa watu. Mvua zilinyesha, tangi likajaa, akina mama wakapiga vigelegele, wakanishukuru kwa jina. Nikasimama pale kwenye kibaraza sina wa kumwambia kitu.

Wewe unayesoma haya, nisikilize. Usimwambie ndugu yako huna nafasi kabla hujaangalia ni nani aliyezifunga hizo tarehe. Mara nyingi ni wewe! Yaliyo ya lazima kweli ni machache. Mengine yanasubiri, lakini mgonjwa hasubiri.

Mimi sasa nimestaafu, niko Masasi peke yangu, hata Idi napika cha sahani moja. Nafasi ninayo tele, asubuhi mpaka jioni. Nakaa barazani, na lori likisikika barabarani nainua kichwa.