Gunia la Pumba la Danford

Naweka soda mezani, ya baridi, na chapati mbili juu yake: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini hii. Hapa Misunkumilo kuna mtu alikuwa anajua mji mzima wa Mpanda una raha au una hofu, na hasomi gazeti wala hana ndugu benki. Alikuwa anaangalia gunia la pumba. Basi. Gunia la pumba.

Chekeni tu. Soda bado ni yangu.

Mtu mwenyewe anaitwa Danford, ana mashine ya kukoboa na kusaga. Mimi ni Hilari, nabeba watu na mahindi yao kwa pikipiki, na kama unaishi huku halafu unasema hunijui, basi umehamia jana. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alisema nina kichwa kizito, nikamjibu ni kizito kwa sababu kimejaa. Kwa hiyo hii hadithi ninayo yote kichwani, na nilikuwepo.

Danford ni mrefu, mpole, na hata akienda kanisani amevaa suti, unga haumtoki kwenye nyusi. Nilikuwa namwambia, "Danford, wewe umezeeka nyusi tu, sehemu nyingine bado kijana." Anacheka kidogo, anaendelea kumwaga mahindi. Sijawahi kumuona anagombana na mtu. Sijawahi kumuona anaomba kitu pia, na hilo ndilo lilimponza.

Sasa sikilizeni hesabu yake. Mtu akiwa na moyo mweupe, anakoboa mahindi yake, anasaga sembe nyeupe, na pumba anaacha palepale mashineni, anaondoka anapiga mluzi. Akianza kuogopa, anakoboa bado, ila anasema, "Nifungie na pumba zangu." Akiogopa kabisa, hakoboi. Anasaga dona, punje na ngozi yake, hakuna kinachobaki. Danford alikuwa amefunga gunia chini ya mdomo wa mashine, panapotokea pumba. Mji ukiwa na raha, gunia linajaa kwa siku tano. Mji ukiwa na hofu, linaning'inia tu kama suruali ya mgonjwa.

Pumba zilizobaki zilikuwa za mke wake, Glory. Huyo ametokea Kibaoni, kule Mpimbwe, mfupi, mdomo mwepesi, mtu pekee katika wilaya hii aliyewahi kunishinda kwa maneno, na ni mara moja tu. Glory alikuwa na nguruwe tisa nyuma ya mashine. Jike kubwa aliliita Mheshimiwa, kwa sababu linakula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Danford akisaga, Glory anakuja na ndoo, anachota kwenye gunia, huku anamsema mume wake mbele ya wateja.

"Nyie muangalieni huyu! Mchana kutwa yuko na unga, usiku anakoroma kama mota. Mimi niliolewa na mtu au na mashine?"

"Uliolewa na pumba," Danford anamjibu taratibu, na wateja wote wanakufa kwa kicheko.

Hiyo ndiyo nyumba ilikuwa. Mtoto walikuwa hawajapata, walikuwa wawili tu, lakini kelele yao ilitosha familia ya watu kumi.

Halafu ukaja ule mwaka hela ilipotea mtaani. Sitaki kuwaeleza sababu, maana kila mtu ana yake. Wa tumbaku analia lake, wa mgodini lake, mwenye duka anasema wateja wamemkimbia. Mimi niliona kwenye pikipiki: watu niliokuwa nawabeba wakaanza kunipungia mkono huku wanatembea. Danford aliona kwenye gunia. Wiki ya kwanza likajaa nusu. Mwezi wa tisa, robo. Mwezi wa kumi akaja Mama Nyanzala, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko meno yangu, mtu ambaye miaka yote anakoboa mara mbili ili sembe iwe kama pamba. Akatua debe, akasema, "Dona."

Danford akafikiri hajasikia. "Mama, nikoboe mara mbili kama kawaida?"

"Baba, nimesema dona. Nani anajua kesho?"

Jioni ile Danford aliniambia, "Hilari, kama Mama Nyanzala anasaga dona, tumeisha."

Nguruwe hawaelewi mambo ya mwaka mbaya. Walilia njaa mpaka majirani wakachoka. Glory akauza mmoja mmoja, kwa bei ya kutupa, maana wanunuzi nao walikuwa wamekaza mikono. Mheshimiwa akaondoka wa mwisho, mwezi wa kumi na moja, kwenye mkokoteni kuelekea Kakese. Siku mbili baadaye Glory akafunga begi. Mama yake kule Kibaoni alikuwa na shamba la mpunga na hakuwa na nguvu ya kulima peke yake. Mimi ndiye niliyempeleka stendi, Danford akafuata nyuma kwa baiskeli, ameshika mwavuli wa Glory kama ameshika mtoto.

Glory alikuwa analia. Akamwambia mume wake, "Pumba zikirudi, niite."

Danford akasema, "Nitakuita."

Nyie, yule mtu alichukua lile neno akalifanya sheria. Aliporudi akatafuta gunia jipya, akalifunga chini ya mdomo wa mashine. Akasema likijaa ndani ya wiki moja, siku hiyohiyo anapiga simu. Akaniuliza ninaonaje. Na mimi naulizwa mambo mengi na watu wengi, kwa hiyo nilikuwa na jibu tayari. Nikamwambia, "Safi kabisa. Ukimwita sasa hivi atakuja na njaa yake akute na yako, mtakuwa na mbili. Subiri gunia lijae. Mwanamke anapenda mwanaume mwenye msimamo."

Simu walikuwa wanapigiana, msidhani walinuniana. Kila Jumapili baada ya misa. Mama hajambo? Mvua imenyesha? Mpunga umeota? Neno "rudi" tu ndilo Danford alikuwa hasemi. Akikata simu anaenda kulishika gunia, analipima kwa mkono.

Na kuna jambo alilokuwa anafanya, nilimkamata nalo. Glory hapendi dona, anasema inamkwaruza koo. Basi kila Jumamosi Danford anakoboa sado moja, kile kindoo kidogo cha kupimia, la mahindi mazuri, anasaga laini, anafunga kwenye mfuko, anaweka rafu ya juu. Sado la Glory. Jumamosi inayofuata unga unakuwa umekaa, anampa Mama Nyanzala, anasaga mwingine. Yeye mwenyewe anakula dona. Nikamuuliza, "Sasa huyu mwanamke yuko Kibaoni, unamsagia wa nini?" Akasema, "Akija ghafla je?"

Nilitaka kumtania, nikawasha pikipiki. Andikeni hiyo, maana hainitokei.

Sasa katika mwaka huohuo kulikuwa na dada mmoja anapita na tableti, Libérate, binti wa Katumba, ofisi moja ya utafiti imemwajiri. Kila baada ya miezi mitatu anarudi kwenye nyumba zilezile kuuliza maswali yaleyale, wapate kujua watu wanaonaje hali. Nyumba ya Danford ilikuwa kwenye orodha. Mara ya kwanza alikuja Glory akiwepo. Mwezi wa kumi na mbili akarudi, akakaa juu ya kiroba cha mahindi.

"Kaka Danford, ukilinganisha na mwaka jana, hali ya kipato ya kaya yako ni nzuri zaidi, ileile, au mbaya zaidi?"

"Mbaya."

"Na mwaka ujao, unategemea itakuwaje?"

"Nzuri zaidi."

"Kaya ina watu wangapi?"

"Wawili."

Mimi nikaingilia. "Dada, hiyo tableti umetembea nayo mji mzima jua kali, imekupa nini? Huyu anaangalia gunia, anapata jibu lilelile amekaa."

Akacheka, lakini akaenda kuliangalia gunia, akamuuliza Danford linavyofanya kazi. Danford akamweleza yote. Libérate akasema, "Kweli linafanana na ninayoyasikia majumbani. Watu hawasemi hawana. Wanasema wanaogopa kutoa."

Mwezi wa tatu akarudi. Mbaya. Mwaka ujao nzuri. Watu wawili.

Mwezi wa sita mahindi mapya yakaingia. Nilikuwa nabeba magunia mpaka shokapu zinalia. Nikamwambia Danford, "Weka chaji kwenye simu, wiki hii unapiga." Debe zilijaa foleni. Na bado watu wakasaga dona. Wenye kukoboa wakabeba pumba zao mpaka za mwisho, wanafagia na kiganja. Mahindi wanayo, ila hofu haijatoka. Gunia likaishia nusu. Nusu, nyie! Danford akalipima kwa mkono, akarudi kwenye mashine.

Libérate akaja wiki hiyohiyo. Maswali yakaenda, mpaka akafika kwenye lile la watu.

"Kaya ina watu wangapi?"

"Wawili."

Akaangalia tableti, akamwangalia Danford. "Kaka, dada Glory amerudi?"

"Bado."

"Aliondoka mwezi wa kumi na moja. Imepita miezi sita." Akashusha sauti. "Utaratibu wetu, mtu akizidisha miezi sita nje simhesabu hapa. Inabidi nimtoe. Kaya itakuwa mtu mmoja."

Danford akasimama. "Nguo zake zipo. Mwavuli alioniachia stendi upo. Unga wake ule pale juu."

"Naona, kaka. Samahani. Siyo mimi, ndivyo inavyotaka."

"Usibonyeze kwanza."

Akaenda ukutani akazima mashine. Wateja saba wako foleni, na yule mtu hajawahi kuzima mashine na mteja kasimama. Nikasikia kuku wa jirani. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake yameharibika na mota.

"Glory."

"Danford? Leo siyo Jumapili. Nani kafa?"

"Hakuna. Rudi nyumbani."

Glory akasema, "Leo?"

"Wanataka kukutoa kwenye kaya. Ile ya tableti."

"Mbona walishapita na huku," Glory akasema. "Wiki iliyopita, mwingine, siyo Libérate. Mama kaniandikisha kwake. Wakaniuliza mwaka ujao naonaje, nikasema nzuri. Nimekodi meza sokoni, nauza mchele."

Danford akajifuta uso, unga ukaingia machoni. "Mimi nilikuwa nasubiri gunia lijae."

"Gunia gani?"

"La pumba. Ulisema pumba zikirudi nikuite."

"Nilisema hivyo?" Tukamsikia anapumua. "Danford, siku ile nilikuwa nalia. Mtu akiwa analia anasema chochote. Mwezi wa tatu nilifunga begi nikasimama stendi hapa Kibaoni, simu mkononi. Nikasema akipiga tu, napanda. Basi mbili zimepita. Nikarudi kwa mama."

"Ungepiga wewe."

"Wewe ndiye uliyesema utaniita."

Mama Nyanzala, ambaye alikuwa mbele kabisa kwenye foleni, akatua debe lake chini na kugeukia ukuta.

"Sasa?" Danford akauliza.

"Sasa nina mchele wa watu mezani. Sijui, Danford. Acha niuuze kwanza. Shemeji Hilari yupo hapo?"

Nikasema, "Nipo, shemeji."

"Mbona kimya? Unaumwa?"

Hiyo ndiyo mara moja aliyonishinda.

Libérate aliondoka bila kubonyeza mbele yetu. Alibonyezea mbali, namjua, ni mtu wa kazi.

Mwezi wa nane gunia likajaa. Kwa siku tano, kama zamani. Mama Nyanzala alikuwa wa kwanza kurudia sembe. Alikoboa mara mbili, nikamuonyesha pumba zake, akasema, "Acha hapo." Watu wakafuata, na abiria wangu wakaacha kutembea. Wenye nguruwe wa Kakese wakaja kuomba kununua. Danford akakataa. Akashona mdomo wa gunia kwa kamba, akaandika GLORY kwa kalamu nene, akalipakia kwenye pikipiki yangu.

"Lipeleke stendi, lipande basi la Kibaoni."

Nikamwambia, "Wewe, Kibaoni kuna pumba za mpunga na za mahindi mlima mzima! Unapeleka pumba Kibaoni?"

"Hizo ni za kule," akasema. "Hizi ni za hapa."

Nililipa nauli ya gunia mimi mwenyewe, na sitaki kuulizwa.

Kesho yake Glory akatuma ujumbe. "Limefika." Neno moja. Danford amenionyesha huo ujumbe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, anaufungua kama una kitu kingine chini yake. Banda la nguruwe ameligonga misumari upya. Jumamosi bado anasaga lile sado. Jumapili wanapigiana, na siku hizi anasema "rudi" kabla hata ya kumuulizia mama. Glory anajibu bado ana mchele.

Mimi ndiye niliyemwambia asimwite mpaka gunia lijae. Nilikosea.