Ndege Mpya wa Ukunguni

Nacheka peke yangu, lakini haya bado imenikaa usoni. Kazi yangu hapa Kindu njo ndege: nawasikiliza, nawachora, na habari zao naziandika katika daftari.

Asubuhi ukungu wa mto Lualaba hupanda polepole mpaka michikichi inaelea kama haina mizizi. Humo nikasikia sauti ngeni: mluzi mrefu, kisha kicheko laini. Sikuona hata unyoya. Siku nyingi nilikaa chini ya mchikichi ilikotoka sauti hiyo, macho nusu nimefumba, nikiandika kama mtu anayeota. Nami huandika vile tulivyozoeshwa katika chuo cha Kurani: kila neno nalitamka kwa sauti.

Daftari likajaa. Kabla msafara wa wafanyabiashara haujalichukua kwenda pwani likasomwe na wataalamu, nilimwita mwalimu wangu wa chuo aje asikie. Akaja na nusu ya mtaa, pamoja na jirani yangu Mama Mwamini, muuza mawese.

"Mwalimu, sikiliza," nikanong'ona. "Ndege huyu hakuna aliyemwandika bado."

Mluzi ukalia. Kicheko kikafuata. Mama Mwamini akashika kichwa.

"Eh! Ule njo kasuku wangu! Alinitoroka mwezi uliopita!"

"Mama, kasuku mimi namjua," nikamjibu kwa ukali wa mtaalamu.

Hapo kutoka juu ya mchikichi sauti yangu mwenyewe ikashuka, taratibu, neno kwa neno: "Ndege mpya kabisa. Amegunduliwa na mimi, niliyempita mwalimu wangu kwa elimu."