Sema Kama Uko Mtumbwini

Mwanangu, siku hizi hakuna mkutano, Kibiti mpaka Ikwiriri, nisioombwa kusema neno, mimi niliyeishia darasa la nne. Wenye vyeti vyao hukaa wakanisikiliza. Sijisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Lakini nakumbuka siku moja kule Maparoni, nilipohutubia kijiji kizima na asinisikie hata mmoja.

Nilikuwa kijana, mpiga debe wa stendi ya Ikwiriri, na sauti yangu ilizidi honi za mabasi. Nikadunduliza, nikanunua mashine ya kukoboa mpunga. Ikwiriri zilishajaa, nikaona niipeleke Maparoni, kule delta, ambako kina mama bado walitwanga kwa mchi. Kilichobaki ni kijiji kunikubalia kiwanja. Wakikataa, mashine sina pa kuiweka, na stendi nilishaaga kwa mbwembwe. Kurudi ni aibu.

Watu walikaa kwenye majamvi nje ya ofisi ya kijiji. Mimi nikasimama katikati yao, miwani ya jua usoni, viatu juu ya jamvi la watu. Nikapaza sauti. Nikapiga viganja kama ninavyopiga ubavu wa basi, nikawanyooshea kidole mmoja mmoja. Kitoto kichanga kikaanza kulia. Nilipomaliza, mama mmoja, Bi Zaituni, akauliza kwa upole, "Na basi lenyewe liko wapi, kaka, tupande?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti akaahirisha hadi Ijumaa, baada ya swala. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na siku ile nilivuma haswa.

Mzee Mkumba, mmoja wa wazee wa pale, akajitolea kunivusha kwa mtumbwi wake. Tulipofika katikati ya mto akaniambia nirudie maneno yangu. Nikainuka, mazoea yana tabu. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, nikaketi kwa kishindo na suruali yangu mpya ikalowa chapachapa. Nikaanza tena kwa kelele. Akauliza, "Unamwita nani ng'ambo? Mimi niko hapa."

Basi nikaweka mikono magotini. Nikamwambia taratibu kwamba mama yangu alitwanga mpunga wa watu mpaka bega likafa, hadi leo hainui mkono kujisuka. Hilo mkutanoni sikulisema kabisa; nilikuwa na kazi ya kupiga kelele. Mzee akaacha kusukuma kwa upondo, ule mti wake mrefu, mtumbwi ukajiendea na maji. Kisha akauliza, "Na pumba zitakuwa za nani?"

Hapo nikajua amenisikia. Kule kijijini hakuna aliyeniuliza la mashine. Waliuliza la basi.

Akashika upondo wake. "Mwanangu, sisi tumezaliwa majini. Mtu akirusha mikono, tunaona atatuzamisha. Ijumaa anza kwa kukaa."

Ijumaa nikavua viatu, nikavua miwani, nikakaa jamvini. Nikanyamaza kwanza, mpaka wakanitazama wenyewe. Nilipolitaja bega la mama, sauti ilishuka bila mimi kuishusha, nikaona watu wanasogea. Bi Zaituni nikamtazama usoni, kiganja wazi, nikamwambia pumba ni za kina mama, wakalishie kuku wao. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Wengine wakafuata.

Ile mashine iko palepale hadi leo, na imezaa wenzake wawili, alhamdulillahi. Bi Zaituni mpaka kesho ananiita Kondakta.

Sasa wewe unayeogopa kusimama mbele za watu, au usiyeogopa kabisa, maana huyo ndiye mgonjwa zaidi: ulimi hausemi peke yake. Miguu yako inasema, na macho yako, hata pale unapotua katikati ya maneno. Sauti ipime kwa aliye mbali kabisa, kisha usizidishe. Kidole kifiche, kiganja kionyeshe. Usimpande kichwani mtu unayemwomba. Na ukimaliza, usingoje makofi. Ngoja swali, kwa sababu aliyeuliza ndiye aliyesikia. Mimi kila nikipewa kipaza sauti nahisi mtumbwi chini yangu, na hivyo ndivyo nilivyofika hapa.

Mola akujaalie neno linalofika kabla ya kelele zake, na kila utakakosimama wapatikane wa kuacha upondo wakusikilize. Amin.